Wanafunzi wa uhandisi wanaokuja kujitolea vijijini, kazi ngumu siyo kuchimba mtaro

Mimi ni injinia wa maji kaskazini mwa Tanzania, na moja ya kazi zangu ambazo hazipo kwenye mkataba ni kupokea timu za wanafunzi wa uhandisi kutoka vyuo vya nje, hasa Marekani, wanaokuja kushirikiana na vijiji kwenye miradi ya maji. Watu wananiuliza sana, hivi hawa vijana wanasaidia kweli au wanakuja kupiga picha na watoto? Jibu langu huwa refu kidogo.

Wengi wanakuja kupitia Engineers Without Borders USA. Hii ilianza na Bernard Amadei, profesa wa uhandisi ujenzi pale Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ambaye mwaka 2000 alifika kijiji cha San Pablo kule Belize akakuta wasichana wadogo wanabeba maji badala ya kuwa shule. 2001 akarudi na wanafunzi wanane, wakafunga mfumo wa kusukuma maji kwa nguvu ya maporomoko ya palepale, dizeli hakuna umeme hakuna, na 2002 shirika likaanzishwa rasmi. Leo lina matawi vyuo vingi tu Marekani, na miradi ya maji ya matawi hayo ipo mpaka huku kwetu.

Lakini mimi nikiulizwa kinachomfanya mwanafunzi awe kiongozi pale ni nini, siwezi kutaja safari wala koleo. Nitataja sheria yao moja ambayo watu wanaipita tu: tawi likishaungana na kijiji linakaa nacho miaka 5 au zaidi. Sasa piga hesabu, mwanafunzi anajiunga akiwa mwaka wa kwanza au wa pili, anamaliza wa nne. Yaani karibu hakuna mtu anayeanza mradi na kuumaliza. Aliyepima chanzo siye atakayechora, aliyechora siye atakayefungua koki siku ya kwanza, kwahiyo kila mmoja analazimika kuandika kazi yake vizuri mpaka mtu asiyemjua aichukue na kuendelea. Kijana wa miaka 20 anayeweza hilo, mpe ofisi.

Na siyo maneno tu, hesabu zenyewe zinambana. Chukua kijiji cha watu 2,000. Sera yetu ya Maji ya 2002 iliweka lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400, na kilula kimoja, yaani kituo cha bomba cha kuchotea maji, kwa watu 250, kwahiyo kwa kipimo hicho unahitaji vilula 8 na lita 50,000 kwa siku, kama lita 0.58 kwa sekunde. Mwanafunzi anafurahi, chanzo kinatoa lita 1, imeisha hiyo. Haijaisha. Watu wakiongezeka asilimia 3 kwa mwaka, baada ya miaka 20 ni kama 3,600, na hapo unatafuta lita 1.04 kwa sekunde ambazo chanzo hakina. Afu kuna presha, kila ukishuka mita 10 unaongeza kama bar 1, bomba la PN6, yaani la kuhimili bar 6, mwisho wake mita 60, kwahiyo mlimani huku ukisahau tanki la kupunguza presha bomba linapasuka bondeni usiku maji yakiwa yamesimama. Hayo EPANET, programu ya kompyuta ya kupiga hesabu za maji kwenye mabomba, inamwonyesha akiwa bwenini kwake, inapakuliwa bure, na nyuma yake kuna injinia mzoefu anayekagua kabla ya chochote kujengwa.

Ambacho EPANET haimwambii ni kalenda. Wanafunzi wa Marekani wanapata likizo Juni mpaka Agosti, na fupi ya Desemba na Januari. Huku kaskazini Juni masika ndo yametoka kuisha, chanzo kimejaa, na Januari ni baada tu ya vuli. Likizo zote mbili zinaangukia pabaya! Maji yanakuwa kidogo kabisa Septemba na Oktoba, wao wako darasani. Kwahiyo kipimo muhimu kuliko vyote lazima kichukuliwe na mtu wa kijijini, ndoo ya lita 20 na saa ya simu, anatuma namba WhatsApp. Timu nzuri inakuja mara ya kwanza kuelewana na mtu huyo, mengine baadaye. Timu mbovu inapima Julai, inaandika ripoti nzuri yenye grafu, na vilula vinakauka Oktoba.

Upande wa kijiji nao kuna mambo. Utaratibu wa shirika hilo unataka jamii ichangie kama asilimia 5 ya gharama za ujenzi, na uendeshaji uwe mikononi mwao. Kwetu tangu sheria ya 2019 hilo linapita kwa chombo cha watumia maji, CBWSO, chini ya RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, na kibali cha kutumia chanzo kinatoka bodi ya maji ya bonde. Mwanafunzi anayefikiri ataongea na mwenyekiti wa kijiji chai ikanyweka mambo yakaisha, atakaa sana. Nimeona binti wa miaka 21 amekaa mkutano mkuu wa kijiji tangu asubuhi, wamama wanabishana bei ya ndoo, yeye kimya anaandika tu, jioni akabadilisha sehemu ya vilula viwili kwenye ramani yake. Hakuna profesa aliyemfundisha kile.

Sasa niseme ukweli ambao wenzangu hawaupendi. Kama lengo ni maji peke yake, nauli za ndege za timu nzima ni bomba nyingi sana, na mafundi tunao. Mimi naunga mkono programu hizi kwa sababu zinazaa wahandisi wanaojua kusikiliza, ila faida hiyo isiende upande mmoja. Pale Purdue, chuo kikuu kingine cha Marekani, wana programu ya EPICS tangu 1995, wanafunzi wa mwaka wa kwanza mpaka wa nne wanakaa timu moja wakihudumia taasisi za jamii ya karibu, wakubwa wanawapokeza wadogo. Hilo la karibu ndo nalipenda. Vijana wetu wa field kutoka Chuo cha Maji au UDSM waingie kwenye timu hizi kama wabunifu, siyo kama wakalimani, maana wao Oktoba wapo.

Ndo maana siku hizi kabla sijaandika barua ya kuunga mkono naomba vitu vichache. Jina la atakayeshika mradi mwaka unaofuata. Mwanafunzi wa hapa ndani ya timu. Michoro inayoonyesha bomba limepita wapi, kwa Kiswahili, nakala ibaki kwa CBWSO na nyingine wilayani. Na orodha ya spea zenye duka linalouza hapa wilayani, kwa sababu fitingi za Marekani zinakuja na thredi (meno ya kukazia) za kipimo cha NPT, sisi tunatumia BSP, na kwenye nusu inchi zinaingiliana vizuri tu mpaka unaamini zimekaa, kumbe zitavuja.