Wolai wa mwisho wa mapukutiko: dhana potofu na ukweli kuhusu Mississippi unaopanda na kushuka

Kutoka Bwawa Namba 3, juu kidogo ya mji wa Red Wing jimboni Minnesota, hadi Bwawa Namba 4 pale Alma, Wisconsin, Mto Mississippi unapita kilomita zipatazo 70. Wavuvi hukiita kipande hiki Pool 4, na Ziwa Pepin limo ndani yake. Majira ya mapukutiko yakielekea mwisho, samaki aitwaye wolai (Sander vitreus) na nduguye sauga hupanda kutoka ziwani na kukusanyika chini ya Bwawa Namba 3. Uvuvi wao hapa haufungwi mwaka mzima, ndiyo maana hata Novemba utakuta mashua nyingi majini. Wamo pia wavuvi waliokulia Tanganyika, Kivu au Victoria. Mikono yao inaujua mshipi, ila mto huu una jambo ambalo ziwa halifundishi: leo maji yako hapa, keshokutwa yako pengine. Karibu kila dhana potofu iliyoenea hapa inatokana na kulisahau jambo hilo.

Dhana: Maji yakipanda, hakuna uvuvi

Maji yakipanda samaki huhama, hawatoweki. Mkondo wa katikati ukizidi nguvu, wolai hapotezi nguvu zake kupambana nao. Husogea kando, kwenye kina cha meta 1.5 hadi 3: nyuma ya miti iliyoanguka, kwenye midomo ya vijito, na pale maji ya kasi yanapopakana na maji matulivu. Mpaka huo huonekana kwa macho, kwa kuwa povu na majani hujipanga mstari juu yake. Tupa chambo upande wa maji matulivu, kisha kivute polepole mpaka kwenye mstari wenyewe. Wanaorudi mikono mitupu siku kama hizi mara nyingi ni wale waliong'ang'ania shimo la meta 8 lililowapa samaki wiki iliyopita.

Maji yakishuka, mambo hugeuka. Samaki huacha ukingo mapema, hukaa kwenye bega la mkondo mkuu ambako kina huanza kuporomoka, halafu huteremka shimoni. Kushuka kwa sentimita chache kwa siku hakuharibu kitu. Kushuka kwa ghafla ndiko kunakowafunga midomo, kwa kawaida kwa siku moja au mbili. Maji yakitulia siku tatu nne mfululizo, huo ndio wakati bora kuliko wote, hata kama kimo chenyewe bado ni kikubwa. Kwa maoni yetu, anayejua maji yanaelekea wapi na kwa kasi gani ana faida kubwa kuliko anayejua kimo chake tu.

Kinachoharibu uvuvi maji yanapopanda ni tope. Sehemu kubwa ya tope hilo huletwa na Mto Minnesota, unaopita kwenye mashamba. Mto St. Croix, unaoingia Mississippi pale Prescott, ni safi zaidi ingawa rangi yake ni kama ya chai. Kwa hiyo uliza mvua imenyesha wapi, usiulize tu kama imenyesha. Ukifika mtoni, chovya chambo cheupe kando ya mashua. Kikipotea machoni kabla ya sentimita 15, baki karibu na ukingo, tumia rangi kali kama chungwa au kijani-manjano, na punguza mwendo mpaka ujione unachelewa. Ukikiona hadi sentimita 60, rangi za samaki wadogo halisi zinatosha.

Dhana: Mabwawa haya yanazuia mafuriko, basi kipimo cha kimo kinatosha

Mabwawa ya Mississippi ya juu yalijengwa hasa miaka ya 1930 na Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani ili tishari zipate njia yenye kina kisichopungua futi 9, yaani meta 2.7. Hayana nafasi ya kuhifadhi mafuriko. Maji yakiwa machache, mageti hushushwa ili kushikilia kimo. Maji yakiongezeka mageti hunyanyuliwa kidogo kidogo, na mtiririko ukiwa mkubwa sana hutolewa majini kabisa, mto ukapita wazi.

Kwa mvuvi, maana yake ni kwamba kimo cha juu ya bwawa kinaweza kubaki karibu palepale huku mtiririko ukiwa umeongezeka sana. Soma mtiririko wenyewe, unaoandikwa kwa futi za ujazo kwa sekunde, kwenye kituo cha kupimia cha Prescott, kisha ulinganishe na kimo cha maji chini ya bwawa. Tazama mchoro wa siku tano zilizopita pamoja na utabiri wa siku zinazofuata. Mvuvi wa Lamu au Pemba huijua bamvua, yaani siku bahari inapojaa na kupwa sana, kwa kuhesabu siku za mwezi. Mto huu hauna hesabu ya namna hiyo, lazima usomwe upya kila safari. Hata mageti yaliyo wazi yakibadilishwa tu, mpaka wa maji ya kasi chini ya bwawa huhama, na samaki huufuata.

Dhana: Wolai hujificha nyuma ya vikuta vya mawe

Kabla ya mabwawa, wahandisi hao walijenga vikuta vya mawe vinavyochomoza kutoka ukingoni ili kusukumia maji kwenye mkondo mkuu. Vingi bado vipo, sasa vikiwa chini ya maji. Mtu hudhani samaki atakaa nyuma yake, upande wa kivuli cha mkondo. Huko wapo waliolala. Anayekula hukaa mbele, upande maji yanakotoka, chini kabisa kwenye kitako cha kikuta, kwa sababu maji yakigonga mawe hupungua kasi kabla ya kupanda na kuvuka juu. Chakula huletwa hapo bila yeye kuogelea sana.

Ukiona maji yanachemka juu juu, kikuta chenyewe kiko meta chache kabla ya hapo, si chini ya mchemko. Shikilia mashua upande wa juu, acha chambo kiteremke hadi kwenye mawe, kisha kinyanyue kisikwame. Maji yakiwa mengi, jaribu kwanza mgongo wa kikuta na sehemu iliyo karibu na nchi kavu. Yakiwa machache, nenda ncha ya mbali inayopakana na mkondo mkuu. Jihadhari pia na panga la injini: pale ulipopita salama wiki jana panaweza leo kuwa na maji pungufu kwa nusu meta.

Dhana: Maji baridi yanataka chambo chepesi na uvutaji wa nguvu

Dhana hii ina makosa mawili. Uzito unaamuliwa na kina na mkondo, baridi haihusiki. Kwa kina cha meta 5 hadi 6 na mkondo wa wastani, jigi, yaani ndoano yenye kichwa cha risasi, iwe ya gramu 10 hadi 14. Mto ukipanda tumia gramu 14 hadi 21. Kipimo cha kweli ni mshipi: ukilala sana badala ya kuning'inia, hujui tena chambo kiko wapi.

Elekeza omo, yaani sehemu ya mbele ya mashua, kwenye mkondo, acha mashua iteremke pamoja na maji, na utumie mota ya umeme kuiweka juu ya mshipi. Shusha jigi mpaka iguse chini, inyanyue sentimita 5 hadi 15, ishikilie. Gusa chini tena kila baada ya sekunde chache, kwa kuwa sakafu ya mto haiko sawa. Kidagaa hai hutungwa kwa kupitisha ndoano mdomoni na kuitokeza juu ya kichwa. Mshipi wa kusukwa wenye nguvu ya kilo 4.5, ukimalizikia na sentimita 60 za mshipi usioonekana majini, hukuletea hisia ya mguso mwepesi. Na mguso huwa mwepesi kweli: mara nyingi unahisi uzito umeongezeka tu, kama tope limenasa.

Wolai haachi kula kwa baridi. Majike yamebeba mayai yanayokua mapukutiko yote na kipupwe, tayari kwa kutaga maji yanapopata joto la nyuzi 6 hadi 10 za Selsiasi katika majira ya kuchipua. Kinachopungua ni umbali atakaokimbiza chakula. Kwenye nyuzi 10 bado anafuata chambo kinachoburutwa, kwenye nyuzi 4 anataka kipite karibu na pua yake. Kunyanyua chambo kwa meta nzima wakati huo ni kumwondolea chakula.

Ukitia nanga, tumia pete ya njia tatu: upande mmoja mshipi mkuu, wa pili kipande cha sentimita 40 chenye chubwi (risasi ya kuzamisha mshipi) ya gramu 30 hadi 85, wa tatu kipande cha sentimita 90 chenye ndoano na kidagaa. Mshipi wa chubwi uwe dhaifu kuliko mwingine. Chubwi ikinasa mawe, unapoteza risasi peke yake.

Dhana: Ni samaki wa usiku tu

Jicho lake lina utando wa nyuma unaorudisha mwanga, ndiyo maana linang'aa kwenye tochi. Huo ni msaada mkubwa gizani. Lakini maji ya Mississippi yana ukungu wa tope hata mchana, na kwenye mashimo mwanga ni hafifu saa zote. Novemba, mchana wa mawingu unatosha kabisa.

Dhana: Wote ni sawa, na wakizidi nitauza

Wolai aliye chini ya inchi 15, yaani sentimita 38, lazima arudishwe majini kwenye kipande hiki. Sauga hana kipimo hicho, kwa hiyo kuwatofautisha ni lazima. Wolai ana ncha nyeupe chini ya mkia. Sauga hana ncha hiyo iliyo wazi, na pezi lake la mgongoni lina safu za madoa. Idadi inayoruhusiwa kwa siku isome kwenye kanuni za mwaka husika. Kuanzia miaka 16 unahitaji leseni. Kuuza samaki uliyemvua kwa leseni hiyo ni marufuku, hata kwa jirani au mgahawa wa ndugu.

Dhana: Baridi humlinda samaki unayemrudisha

Baridi humsaidia kwa mengi, lakini haimwokoi na kina. Kifuko cha hewa cha wolai hakina mlango wa kutolea hewa kooni. Akivutwa kutoka meta 9 au zaidi, hewa hupanuka, tumbo huvimba, macho hutokeza. Anaweza kuogelea akitoweka machoni pako kisha afe baadaye. Ukiwa huna nia ya kuwachukua, au umeshatimiza idadi yako, ondoka kwenye mashimo hayo. Kumvuta polepole hakusaidii.

Dhana: Anayejua kuogelea hana haja ya boya la mwilini

Kwenye maji yaliyo chini ya nyuzi 10, dakika ya kwanza ni ya kuhema bila kujizuia, na baada ya dakika kama kumi mikono haishiki tena kitu. Muogeleaji hodari huzama kwa njia hiyo hiyo. Boya la mwilini livaliwe kabla ya kutoka gatini. Nanga itoke omo, kamwe isitoke tezi, yaani nyuma ya mashua, kwa kuwa mkondo huinamisha tezi na kuijaza maji kwa sekunde chache. Kamba iwe ndefu mara tano hadi saba ya kina, na kisu kiwe karibu. Usivuke mabango ya eneo lililokatazwa chini ya bwawa: maji yanayoanguka hapo hujirudi na kuivuta mashua kwenye mageti.

Kwenye mteremko wa kushushia mashua, mto ukiwa umeshuka, magurudumu ya trela yanaweza kupita mwisho wa zege na kudondoka kwenye shimo lililochimbwa na mapanga ya injini. Pima kwa kasia kabla ya kurudi nyuma. Ukitoa mashua, simama kwanza ukishaumaliza mteremko, chomoa kizibo na umwage maji yote, kama sheria inavyotaka ili viumbe vamizi visihamishwe. Usimwage kwenye mteremko wenyewe, maana maji hayo huganda, na gari la anayefuata huteleza.