Namba 4 kwenye kadi na shimo la mita 415

Kosa ninalolisahihisha mara nyingi kuliko yote, ninapofundisha wachezaji wa gofu wa ridhaa hapa Arusha, huanza kabla mchezaji hajashika fimbo. Anasoma kadi ya alama, anaona shimo gumu (shimo hapa ni njia nzima, tangu mkwaju wa kwanza hadi kishimo chenyewe) limeandikwa par 4, na papo hapo anaamua kwamba mkwaju wake wa pili lazima ufike kwenye griini, yaani eneo la nyasi fupi lenye kishimo.

Par ni idadi ya mikwaju anayotarajiwa kupiga mchezaji mwenye handikapu sifuri (handikapu ni mikwaju ya nyongeza anayopewa mchezaji kulingana na uwezo wake, na hodari hapewi hata mmoja), na ndani yake imeshahesabiwa miwili ya kuusukumia mpira shimoni. Kwa wanaume, mfumo wa handikapu wa dunia unaruhusu shimo la takriban mita 410 hadi 450 liitwe par 4 au par 5. Katika US Open, mashindano makubwa ya gofu ya Marekani, ya mwaka 2000, shimo la 2 la uwanja wa Pebble Beach, ambalo kwa kawaida lilikuwa par 5, lilitangazwa kuwa par 4, na par ya uwanja ikashuka kutoka 72 hadi 71. Tiger Woods alishinda kwa mikwaju 272 katika raundi nne, ikaandikwa 12 chini ya par. Kwa hesabu ya zamani mikwaju hiyohiyo ingekuwa 16 chini.

Hata mabingwa hawajasalimika na namba hii. Mwaka 2011 watafiti Devin Pope na Maurice Schweitzer walichapisha uchunguzi wa mikwaju zaidi ya milioni 2.5 ya kusukuma, wakaonyesha kwamba kwa umbali uleule wachezaji wa kulipwa hufanikiwa zaidi wanapookoa par kuliko wanapotafuta kuipunguza kwa mkwaju mmoja, kwa sababu kuikosa par huwauma kama hasara.

Kwa mchezaji wa ridhaa, woga huo wa hasara hujitokeza mapema zaidi, kwenye uchaguzi wa fimbo. Mwezi uliopita nilikuwa na mwanafunzi, mzee mwenye handikapu 18, kwenye shimo la mita 415 lenye mfereji mbele ya griini. Mkwaju wa kwanza ulienda mita 200, mpira ukalala kwenye nyasi ndefu kiasi kwamba tuliona nusu yake tu, naye akachomoa fimbo ndefu. Nikamwambia, “Mzee wangu, chukua namba 7,” yaani fimbo fupi zaidi. Akanijibu, “Mwalimu, nikipiga fupi par nitaipataje?” Mpira uliishia mferejini na shimo likamgharimu mikwaju 8.

Tulirudi palepale jioni, nikafuta 4 kwa penseli nikaandika 5, kwa kuwa handikapu ya 18 inampa mkwaju mmoja wa nyongeza kila shimo. Mita 200, kisha 150 kwa namba 7, kisha 65 za mkwaju mfupi wa juu, na miwili ya kusukuma: 5, ambayo kwa hesabu ya neti, yaani baada ya kutoa mkwaju wa nyongeza, ni par kamili. Mkwaju wa tatu aliupiga akiwa ametulia, mabega yameshuka, na mfereji ulikuwa mbele yake vilevile kama asubuhi.