Je, wajua kwa nini Bunge la Australia linatunza magome mawili ya mti?

Ndani ya jengo la Bunge la Australia, Canberra, kuna vipande viwili vya gome la mti. Katikati ya kila kimoja imebandikwa karatasi iliyopigwa taipu kwa lugha ya Wayolngu, wenyeji asilia wa kaskazini mwa Australia, na kwa Kiingereza. Pembeni pamezungushwa michoro ya wanyama na vistari vyembamba vya rangi za udongo. Mara ya kwanza kuona picha yake nilisoma karatasi, michoro nikaipita. Macho yaliyozoea kanga ndivyo yalivyo: pindo ni pambo, ujumbe uko kwenye jina.

Nilikosea.

Mwaka 1963 serikali ilimega zaidi ya kilomita za mraba 300 za ardhi ya Wayolngu, karibu na Yirrkala, Arnhem Land, kupisha uchimbaji wa boksiti, madini yanayotoa alumini. Wenyewe hawakuridhia. Agosti wakapeleka ombi bungeni, ndiyo hayo magome.

Sasa hilo pindo. Kwa Wayolngu, kila ukoo una michoro yake, na kila mchoro una mahali pake, kwani inaaminika wahenga walioiumba nchi ile ndio waliouacha. Si kila mwenye brashi anaruhusiwa kuuchora. Fikiria barua ya mtendaji wa kijiji: hata iandikwe kwa ufasaha gani, bila muhuri ni karatasi tu. Na muhuri ukigongwa na asiyehusika, huko ni kughushi. Michoro ile ni muhuri, ila muhuri wenye ramani ndani yake: unasema nani anazungumza, na anazungumzia ardhi ipi. Tena jamii hiyo ina nusu mbili, Dhuwa na Yirritja, na mtu huoa upande wa pili. Gome moja lina michoro ya Dhuwa, la pili ya Yirritja. Moja lingekuwa nusu ya muhuri.

Mfano wangu una mipaka. Ardhi hiyo si ya kuuzwa kama kiwanja, na baadhi ya maana za michoro ni za wenyewe, hazitangazwi.

Kituko ni hiki: ombi la kwanza, la tarehe 14 Agosti, lilikuwa na sahihi 12, na waziri Paul Hasluck akazitilia shaka. La pili, tarehe 28, likaja na alama za vidole gumba vya wazee. Koo zilikuwa zimeshatia sahihi pande zote nne za karatasi. Bado wakaulizwa sahihi iko wapi.

Kusema magome yalirudisha ardhi ni kuyazidishia. Mgodi uliendelea, mahakama ikakataa madai yao mwaka 1971, na sheria ya haki za ardhi ya Northern Territory, eneo lenye Arnhem Land, ikaja 1976. Mwaka 1988 Waziri Mkuu Bob Hawke alikabidhiwa Tamko la Barunga, la kudai haki za wenyeji asilia, safari hii juu ya ubao. Maandishi katikati, michoro pembeni. Nalo limo katika jengo hilohilo.