Kufuatilia virutubisho na vitu ogania mitoni: maana yake nini?

Neno "ufuatiliaji" limetokana na kitenzi kufuata, na ndani yake mna wazo la kuandama kitu hatua kwa hatua bila kukiachia njiani. Naanza na neno hilo kwa makusudi, kwa sababu mara nyingi tunalitumia tukiwa na maana ya kupima tu: mtu huchota chupa moja ya maji ya mto, huipeleka maabara, hupata namba, kisha ikasemwa kwamba mto umefuatiliwa. Mto huo haujafuatiliwa. Umepimwa mara moja. Kufuatilia virutubisho na vitu ogania vilivyoyeyuka katika mto, yaani vitu vyenye asili ya viumbe vilivyochanganyika na maji, ni kuandika, kwa miaka, ni kiasi gani cha vitu hivyo kinapita mahali fulani, kinatoka upande gani wa dakio la maji, na kinabadilikaje mvua inaponyesha na kiangazi kinapokaza.

Dakio la maji ni eneo lote la ardhi ambalo mvua yake huteremkia mto mmoja. Kwa Mto Rwizi wa kusini-magharibi mwa Uganda, kwa mfano, dakio si ule ukingo unaoonekana ukiwa darajani Mbarara, bali ni vilima vya Buhweju unakoanzia, migomba iliyopandwa kwenye miteremko, malisho ya ng'ombe, barabara za udongo, vinamasi vilivyobaki na vile vilivyogeuzwa mashamba. Kila kinachofanyika juu ya ardhi hiyo hufika mtoni, kidogo au kingi, mapema au kwa kuchelewa. Ndiyo maana mtaalamu anayetaka kuelewa maji hutazama kwanza ramani ya nchi kavu.

Virutubisho vinavyozungumziwa hapa ni vya aina mbili hasa, naitrojeni na fosforasi. Mkulima huvijua vyote viwili, kwa kuwa ndivyo anavyovinunua ndani ya gunia la mbolea na ndivyo vilivyomo katika samadi anayoimwaga shambani. Shambani huitwa rutuba, na ni jambo jema. Vikifika majini vinaendelea na kazi ileile ya kuotesha mimea, isipokuwa mimea inayooteshwa huko ni mwani na gugu maji. Mimea hiyo inapokufa, bakteria huiozesha na katika kuiozesha hutumia oksijeni iliyomo majini, hadi samaki wanakosa pumzi. Hali hiyo ya maji kurutubishwa kupita kiasi ndiyo inayotisha zaidi maziwa yetu.

Naitrojeni na fosforasi hazisafiri kwa njia moja, na hapa ndipo wengi hukosea wanapopanga kupima. Naitrojeni iliyo katika umbo la naitreti huyeyuka vizuri sana, huzama pamoja na maji ya mvua hadi kwenye maji ya ardhini, na huibuka baadaye katika chemchemi na mito hata wakati hakuna mvua. Chemchemi nyingi za Kampala zilizo chini ya mitaa yenye vyoo vya shimo hubeba naitreti kwa sababu hiyo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita moja ya maji ya kunywa, hasa kwa ajili ya kuwalinda watoto wachanga. Fosforasi, kinyume chake, hung'ang'ania chembe za udongo. Husafiri udongo unaposafiri, yaani wakati wa mvua kubwa, mto unapokuwa mwekundu na mzito. Anayepima maji yaliyochujwa pekee, siku mto ulipotulia, atapata fosforasi ndogo sana na ataamini kwamba dakio halina tatizo.

Uwiano kati ya viwili hivyo nao una maana yake. Mimea midogo ya majini huhitaji takriban atomi 16 za naitrojeni kwa kila atomi 1 ya fosforasi. Fosforasi ikizidi na naitrojeni ikawa haba, wanaofaidika ni baadhi ya sayanobakteria, wale ambao watu wengi huwaita mwani wa kijani-buluu, kwa kuwa wanaweza kuchukua naitrojeni kutoka hewani wenyewe. Sayanobakteria wa jamii nyingine, kama Microcystis, hutoa sumu inayodhuru ini. Kwa hiyo namba ya fosforasi bila namba ya naitrojeni ni nusu ya habari.

Hakuna mahali nchini Uganda panapoonyesha uzito wa jambo hili kama Ghuba ya Murchison, sehemu ya Ziwa Victoria iliyo kando ya Kampala. Mfereji wa Nakivubo hukusanya maji ya mvua na maji machafu ya sehemu kubwa ya Kampala, huyapitisha katika kinamasi cha Nakivubo, kisha huyamwaga katika ghuba. Katika ghuba hiyohiyo, kilomita chache kuelekea kusini, ndipo mitambo ya Ggaba inapovuta maji yanayosafishwa na kurudishwa jijini katika mabomba. Jiji linakunywa kutoka katika kikombe linamooshea mikono. Nasema hivi bila kumlaumu mtu mmoja. Ni hali ya kijiografia ambayo mji umeikuza kadiri ulivyokua, na ndiyo inayofanya kila gramu ya fosforasi inayoshuka Nakivubo iwe jambo la nyumbani.

Sasa tuje kwenye vitu ogania vilivyoyeyuka, dhana isiyojulikana sana nje ya maabara. Fikiria chai. Ukiimimina kupitia chujio, majani hubaki, lakini rangi, harufu na ladha hupita. Kilichopita kimetoka kwenye majani, ila hakionekani tena kama majani. Mto nao hufanya vivyo hivyo na majani makavu, udongo mweusi, mizizi iliyooza, samadi na maji ya vyoo. Kwa desturi ya maabara, chochote chenye asili ya viumbe kinachopita katika chujio lenye matundu ya mikromita 0.45 huhesabiwa kuwa kimeyeyuka, na kiasi chake hupimwa kwa kuangalia kaboni iliyomo. Mpaka huo umewekwa na watu kwa urahisi wa kazi. Maji yenyewe hayautambui.

Vitu hivi si uchafu kwa maana ya kawaida. Ni chakula cha bakteria walio mwanzo wa mnyororo wa ulaji, hukinga viumbe wadogo dhidi ya mwanga mkali wa jua, na hubeba madini. Lakini vikiwa vingi katika maji yatakayotiwa klorini, hukutana na klorini hiyo na kuzaa kemikali mpya, klorofomu ikiwa mojawapo, ambazo nazo zina vikomo vyake vya kiafya. Pia huila klorini kabla haijafika kwa vijidudu iliyokusudiwa kuviua, hivyo mtambo hulazimika kuongeza dawa, na gharama hupanda.

Kinamasi cha mafunjo hufanya habari hii iwe ngumu zaidi, na nadhani ni vema isirahisishwe. Mafunjo hunasa udongo na fosforasi yake katika mizizi yao minene, hufyonza naitrojeni wanapokua, na katika tope lao lisilo na oksijeni kuna bakteria wanaoigeuza naitreti kuwa gesi ya naitrojeni inayorudi hewani. Hiyo ni huduma kubwa, na kinamasi kinapokatwa na kupandwa magimbi au kujengewa, huduma hiyo hupungua. Hata hivyo kinamasi hichohicho huachia maji ya rangi ya chai, yaani vitu ogania vilivyoyeyuka. Anayepima virutubisho tu atakisifu, na anayepima rangi tu atakilaumu. Ni kwa kufuatilia vyote viwili, juu na chini ya kinamasi, ndipo mtu ataona kwa haki kinachoingia na kinachotoka.

Rangi hiyo inaweza pia kueleza asili yake. Vitu ogania hufyonza mwanga wa urujuanimno, ule usioonekana kwa macho, na vingine, baada ya kuufyonza, hutoa mwanga wa rangi tofauti. Vile vya udongo na majani yaliyooza hung'aa kwa namna moja; vile vinavyofanana na protini, ambavyo huwa vingi katika maji ya vyoo na mahali bakteria wanapofanya kazi sana, hung'aa kwa namna nyingine. Kuna vipimio vinavyozamishwa mtoni na kusoma mng'ao huo kila baada ya dakika chache, mchana na usiku. Vinadanganywa na tope, na vioo vyake huota ukungu wa mwani, hivyo ni lazima visafishwe na namba zake zilinganishwe mara kwa mara na sampuli zilizopimwa maabara.

Sampuli yenyewe inataka uangalifu ambao hauonekani katika ripoti. Chupa haifai kuoshwa kwa sabuni yenye fosfeti, ambayo ni fosforasi katika umbo jingine, la sivyo utapima sabuni. Huchotwa maji yanayotembea, mchotaji akielekea mto unakotoka ili asichote tope alilolitibua mwenyewe. Maji huchujwa mapema na kuwekwa kwenye barafu gizani, kwa sababu bakteria waliomo wanaendelea kula njiani, na chupa iliyokaa juani nyuma ya bodaboda kwa saa 6 haina tena maji yale yaliyochotwa.

Lakini kosa kubwa kuliko yote ni kusahau kupima mtiririko. Kipimo cha miligramu 1 kwa lita ni sawa na gramu 1 katika jerikeni 50 za lita 20. Kinaeleza jinsi maji yalivyo, wala hakielezi ni gramu ngapi zinazofika ziwani, kwa kuwa hatujui jerikeni ngapi zimepita. Tuseme mto mdogo wakati wa kiangazi unapitisha mita za ujazo 2 kwa sekunde, zenye miligramu 0.05 za fosforasi kwa lita. Kwa siku nzima hiyo ni kilo 8.64. Mvua ikanyesha, mto ukapanda hadi mita za ujazo 20 kwa sekunde na fosforasi ikafika miligramu 0.5 kwa lita. Siku hiyo moja hupitisha kilo 864, sawa na siku 100 za kiangazi. Anayepima kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi anaweza kuikosa siku hiyo mwaka mzima.

Mtiririko pia humfichua mwenye kuchafua. Bomba la maji machafu humwaga kiasi kilekile kila siku, hivyo maji ya mvua huyapunguza makali, na namba hupanda wakati wa kiangazi. Mashamba na barabara hufanya kinyume. Namba hupanda pamoja na mto, katika misimu ya Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 kuhusu vinamasi, kingo za mito na fukwe za maziwa zinataka ukanda wa mita 100 uachwe kando ya mito mikubwa iliyotajwa, na mita 30 kando ya mingine. Kama ukanda huo unafanya kazi au la, jibu limo katika namba za siku za mvua.

Kina cha Ziwa Victoria kimekuwa kikiandikwa tangu 1896. Kwa sababu daftari hilo lipo, ziwa lilipofurika mwaka 2020 watu waliweza kulinganisha na mafuriko ya miaka ya 1960 na kusema kwa uhakika maji yamefika wapi. Upande wa kemia na mwani, wanasayansi wa ziwa hili bado hurudi kwenye vipimo ambavyo mtafiti J. F. Talling alivichukua mwaka 1960 na 1961 akifanyia kazi Jinja, kwa kuwa ni kwa kuvilinganisha na hivyo ndipo walipoona jinsi mwani ulivyoongezeka katika miongo iliyofuata. Mtu anayechuja maji ya Rwizi au ya Nakivubo leo, akaandika tarehe, saa, kina cha mto na namba aliyoipata, anamwandalia mtu wa mwaka 2085 kitu cha kulinganisha.