Moshi ulivyoiondoa kabureta kwenye magari

Mwaka 1954 Mercedes-Benz ilionyesha jijini New York gari la 300 SL, ambalo injini yake ya lita 3 haikuwa na kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye silinda. Pampu ya Bosch ilisukuma petroli moja kwa moja ndani ya silinda, jinsi injini za dizeli zilivyokuwa zikifanya tangu zamani. Vigari vya Gutbrod na Goliath vilitangulia kwa miaka michache, lakini 300 SL ndiyo iliyowashangaza watu: nguvu yake ilizidi farasi 200, ilhali injini ya mwaka 1951 ambayo yake ilitokana nayo, yenye kabureta, ilitoa 115. (Tuseme haki: ongezeko hilo halikutokana na injekta, yaani vifaa vya kupulizia petroli, peke yake.)

Kasoro haikukosekana. Pampu iliendeshwa na injini, kwa hiyo ukizima swichi iliendelea kumwaga petroli hadi injini isimame kabisa. Petroli hiyo iliosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka hadi kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Bei nayo ilikuwa ya matajiri. Wamarekani wa kampuni ya Bendix walijaribu kuongoza injekta kwa umeme mwishoni mwa miaka ya 1950, vifaa vikawasumbua, na mengi kati ya magari machache yaliyofungwa mfumo huo yakawekewa kabureta.

Kwa maoni yangu, kabureta ingeendelea kutamba kwa miaka mingi kama si moshi wa magari uliochafua hewa ya California. Sheria za hewa safi zilipobana, Volkswagen 1600 iliingia Marekani mwaka 1967 ikiwa na injekta za Bosch zinazoongozwa na kisanduku cha elektroniki. Kisha ikaja katalisti, kifaa cha kwenye ekzosi kinachosafisha gesi tatu zenye sumu kwa pamoja. Hiyo hufanya kazi vizuri pale tu injini inapopata takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo 1 ya petroli. Kabureta ya kawaida haiwezi kushika kipimo hicho, mlimani na bondeni, baridi na joto. Mwaka 1976 Volvo iliweka sensa ya oksijeni kwenye ekzosi: inanusa moshi, kompyuta inarekebisha petroli papo hapo.

Adui mkubwa wa sensa na katalisti ni madini ya risasi yaliyokuwa yakichanganywa kwenye petroli, ambayo huzifunika hadi zikafa huku gari likiendelea kutembea. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi kufikia mwanzoni mwa 2006. Kabla ya hapo, gari la mtumba kutoka Japani lingeweza kupoteza katalisti yake kwa mafuta ya kituoni tu.