Nyekundu, njano na bluu hazitoi kila rangi

Watoto hufundishwa kwamba rangi hizi tatu huzaa nyingine zote. Si kweli. Mwanafunzi akichanganya nyekundu ya kawaida na bluu ili apate zambarau, mara nyingi hupata hudhurungi iliyofifia, kisha hulaumiwa kwa brashi chafu. Kasoro ni ya rangi yenyewe: nyekundu hiyo huelekea kwenye chungwa, kana kwamba ina njano ndani yake, na zote tatu zikikutana hufifishana. Mpe majenta, yaani nyekundu inayoelekea zambarau, badala yake. Ndiyo inayotumiwa na printa, pamoja na samawati, njano na nyeusi. Kwa kijani, aanze na njano, aongeze bluu kwa ncha ya brashi. Akianza na bluu, atamaliza njano nyingi bure.