Mtazamo wa jamii kwa mhusika wa riwaya

Mtazamo wa jamii kwa mhusika ni vile watu anaoishi nao ndani ya riwaya wanavyomchukulia: wanamheshimu, wanamwogopa, wanamhurumia au wanamsengenya. Usiuchanganye na tabia yake. Tabia tunaipata katika matendo, maneno na mawazo ya mhusika mwenyewe. Mtazamo wa jamii umo vinywani mwa wenzake. Wanafunzi wengi huandika "mhusika huyu ni mwizi" mahali ambapo riwaya inasema tu kwamba majirani wanamwita mwizi, na hapo uchambuzi wote unakwenda kombo.

Mtazame Bwana Maksuudi katika Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed ya mwaka 1980. Mbele za watu ni mtu wa kuheshimika, tena mwenye uchu wa uongozi. Nyumbani ni dhalimu anayemtawisha binti yake, Maimuna, na kumnyanyasa mkewe, Tamima. Ni rahisi kuandika kwamba Maksuudi ni mnafiki ukaishia hapo. Lakini ni jamii gani hii inayompa mtu heshima bila kujali anavyoishi na watu wa nyumbani kwake? Kwangu mimi swali hilo ndilo zito zaidi, kwa sababu kila jamii inapomhukumu mhusika huwa inaanika maadili yake yenyewe.

Ushahidi utaupata katika lakabu, uvumi na mafumbo. Upo pia katika kimya, na wengi hukipita bila kukiona. Tuseme mjane anaingia msibani. Wanawake wawili waliokuwa wakinong'ona wananyamaza ghafla, mmoja anasogea pembeni asiguswe naye. Hakuna aliyemtukana, ila msomaji ameshajua mjane huyu ana sifa gani hapo mtaani.

Kila maoni yana mwenyewe, kwa hiyo chunguza anayesema ni nani na ananufaika na nini. Mdai, mke mwenza na rafiki wa utotoni hawawezi kumweleza mtu mmoja kwa namna moja, na kuandika "jamii inamchukia" kwa sababu ya kauli ya mdai peke yake ni kosa. Kuwa mwangalifu zaidi mhusika anapojisimulia mwenyewe. Akisema "wote wananidharau", tafuta kwanza tendo la dharau katika riwaya. Usipoliona, ulichonacho ni hofu yake, nayo ichambue kama sehemu ya tabia yake.